Urefu wa Boriti

Kazi yangu ni kushika ncha ya futi.
Kithinji hushika kasha lake, husoma, huandika;
mimi nabana sifuri ukutani kwa kidole gumba
isiniponyoke.

Asubuhi tulianzia Kizingo,
jengo jipya, ghorofa kumi na nane za kioo,
sebule pana hata sauti ya Kithinji
ilinifikia imechoka.
Hakuna nguzo katikati. Chuma kimejificha
ndani ya zege, kimebeba vyote, hakijitaji.
"Mita tisa na nusu," akasema. Nikaachia futi,
ikarudi mbio kama mjusi.
Kioo kilinionyesha bahari yote,
hakikuniruhusu kuinusa.

Saa tano tuko Mji wa Kale
kwa Mwana Esha. Kaunti inataka nyumba yake ichorwe
kabla haijaanguka, au kabla haijaangushwa;
barua haikusema ipi.
Yuko barazani, anachambua mchicha.
"Munapima nini? Nyumba hini si kanzu,
haina harusi ya kwenda."
Kisha: "Piteni. Kizingiti ki juu, inueni miguu."

Ndani giza lina ubaridi wa mtungi.
Dirishani ukuta wa matumbawe ulimeza mkono wangu
hadi kiwiko. Chokaa inabanduka
kama maganda ya muhogo.
Zidaka safu kwa safu, na kila kimoja na mgeni wake:
dawa za presha, chetezo,
chaja tatu za simu zilizokwisha kufa.

Chumba cha kwanza: mita mbili na sentimita themanini.
Cha pili: mita mbili na themanini.
Cha tatu, Kithinji alinitazama kana kwamba nadanganya.
"Bana vizuri hiyo sifuri."
Nikabana. Themanini.

Mwana Esha akacheka huko nje, hata hakugeuka.
"Tazameni juu."

Juu boriti zimelala bega kwa bega,
nyeusi, na masalio ya rangi nyekundu kwenye ncha.
"Mkoko ukizidi hapo hupinda.
Basi wazee wetu waliuuliza mti kwanza,
kisha wakajenga chumba."

Kalamu ya Kithinji ilibaki hewani.
Mimi nilihesabu hadi kumi na tisa, nikapotea, nikaanza upya.
Fundi aliyezichonga hakuacha jina,
ila boriti moja ina pigo la shoka lililokosea;
akaigeuza upande asiouona mwenye nyumba.
Mimi nimeuona. Nimemfichia.

Sisemi kila cha kale ni kizuri.
Choo chake kinanuka. Ngazi zake zilimvunja
Mwana Esha nyonga mwaka juzi,
na mvua ya Mei huingia bila hodi.
Wala simdharau mhandisi wa Kizingo:
kupandisha bwawa la kuogelea mpaka kwenye paa
na lisivuje, hilo nalo lataka kichwa.

Jioni nikarudi kwangu Mshomoroni,
ghorofa ya sita, rangi ya waridi,
lifti ipo kwenye mchoro tu.
Jirani alikuwa jikoni, na ukuta
ukaniambia leo anakaanga papa.
Nikatoa futi mkobani. Sina wa kunishikia sifuri,
nikaikanyaga kwa kisigino.

Mita mbili na sentimita themanini.

Nikapima tena. Nikatazama juu:
zege tupu, waya, taa moja.
Hapa hakuna mti uliosema basi.
Chuma kingefika mita tisa, kingefika kumi.
Aliyesema basi ni mtu mwenye penseli,
akiigawanya sakafu kwa kodi.

Nikalala chali, mikono nimeitanua,
huku ukuta, huku ukuta karibu nao.
Kesho tunarudi kumalizia ngazi.
Nitamuuliza Mwana Esha, aliyelea saba mle ndani,
kama chumba kile kiliwahi kumbana.